Fahamu: Goti la wachezaji na mwaka ambao Kenya haikukimbia

Anayetazama Ligi Kuu ya Uingereza kwenye banda la video Malindi au Mtwapa aliwaona wachezaji wakipiga goti kupinga ubaguzi wa rangi kuanzia Juni 2020. Kenya iliwahi kwenda mbali zaidi: mwaka 1976 ilisusia Olimpiki ya Montreal. Sababu: timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikufungiwa Olimpiki. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, akakosa mbio. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500 wakati huo, vilevile. Dhahabu ya mita 1,500 akaichukua John Walker, wa New Zealand hiyo hiyo! Goti mchezaji hujiamulia. Ususiaji uliamuliwa na serikali. Waliolipa ni wanariadha.