BAADA YA KUPASULIWA TAYA, KAZI INABAKI NYUMBANI

Huenda nyumbani kwako yuko mtu anayekoroma usiku mpaka chumba cha pili wanamsikia. Ghafla hukaa kimya. Kifua kinahangaika, lakini pumzi haiingii. Kisha hushtuka, huvuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeopolewa majini, na kuanza kukoroma tena. Mchana anasinzia shambani, mkutanoni, hata akiendesha gari. Watu humwita mvivu. Huyo si mvivu, huenda ni mgonjwa.

Ugonjwa huu ni wa kuzibwa pumzi usingizini. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma na njia ya hewa huziba. Hali hiyo ikirudiwa kila usiku, shinikizo la damu huweza kupanda, na hatari ya kiharusi na maradhi ya moyo huongezeka. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliupa jina mwaka 1976. Mwaka 1981 Dakta Colin Sullivan wa Australia na wenzake walitangaza mashine ya kusukuma hewa puani. Hadi leo mashine hiyo ni tiba kuu, pamoja na kupunguza uzito, kuacha pombe na kulala ubavu.

Wapo wanaoshindwa kutumia mashine, na wapo ambao taya zao ziko nyuma mno. Baadhi yao hupasuliwa katika hospitali kubwa. Daktari bingwa hukata mifupa ya taya ya juu na ya chini, huisogeza mbele kiasi cha sentimita 1, na kuikaza kwa vibao vidogo vya chuma na skrubu. Ulimi na nyama za koo huvutwa mbele, na njia ya hewa hupanuka. Kazi ya daktari ni ya saa chache. Kazi ya mgonjwa na jamaa zake ni ya miezi.

Siku za kwanza

Uso huvimba, na uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu. Sehemu kubwa hupungua katika wiki 2 hivi. Mgonjwa alale kichwa na mgongo vikiwa vimeinuliwa kwa mito. Asipenge kamasi mpaka daktari amruhusu, na akipiga chafya afungue kinywa.

Mara nyingine meno ya juu na ya chini hufungwa pamoja kwa mipira midogo au waya. Kabla ya kutoka hospitali, mtu wa nyumbani afundishwe namna ya kuikata, na kifaa cha kukatia kikae karibu na kitanda. Mgonjwa akitapika usiku hakuna muda wa kwenda kuazima mkasi kwa jirani.

Chakula na usafi

Mifupa huhitaji wiki 6 hivi kushikana, na miezi zaidi kukomaa. Mgonjwa asitafune mpaka aruhusiwe. Mahindi ya kuchoma, miwa na nyama ngumu ni mwiko. Lakini kutotafuna si kufunga! Mpe uji mwepesi wenye maziwa na karanga zilizosagwa laini, supu ya samaki iliyochujwa miiba, maharage yaliyopondwa na kuchujwa, na maji ya matunda. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Anayepewa uji mtupu atakonda na vidonda vitachelewa kupona.

Chakula kisiwe cha moto. Mdomo wa chini na kidevu hufa ganzi baada ya upasuaji, na mgonjwa anaweza kuungua bila kujua. Kwa wengi ganzi hupungua baada ya wiki au miezi, ila wengine hubaki nayo.

Kila baada ya kula asukutue kwa maji vuguvugu yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo, na kupiga mswaki laini kama alivyoelekezwa. Asivute sigara.

Mambo ya hatari

Asinywe pombe wala vidonge vya usingizi, kwa sababu hulegeza koo na kupunguza pumzi. Dawa za maumivu anywe zile tu alizoandikiwa. Mrudisheni hospitali mara moja akipumua kwa shida, damu isipokoma, akipata homa au usaha, au meno yakiacha kukutana kama alivyotoka nayo hospitali.

Mwisho, kukoroma kukiisha si ushahidi kwamba amepona. Arudi kupimwa usingizi baada ya miezi michache, kama daktari atakavyopanga. Kabla ya hapo asiache mashine kwa uamuzi wake, wala asiendeshe gari akiwa na usingizi.

Wazee wetu husema usingizi ni nusu ya kifo. Mgonjwa huyu alikuwa akiikaribia nusu ya pili kila usiku. Daktari amemvuta nyuma. Ni juu yenu nyumbani kumshika asirudi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Je, kijijini kwenu yupo anayeitwa mvivu kwa sababu ya kusinzia? Mtamshauri nini?
2. Taja vyakula vitatu vya kwenu vinavyomfaa mtu asiyeweza kutafuna.
3. Kwa nini kifaa cha kukatia kikae karibu na kitanda cha mgonjwa?