Utangulizi: Kuitetea Imani Ukiwa Chuoni Mtwara

Somo unalolifungua ni utetezi wa imani: kueleza kwa hoja kwa nini Mkristo anaamini anachokiamini, na kulisikiliza pingamizi mpaka mwisho kabla ya kulijibu. Ni somo kongwe. Yustino Mfiadini aliwaandikia watawala wa Roma utetezi wake katika karne ya 2. Augustino wa Hippo, ambaye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania (SAUT), mama wa chuo chetu cha Stella Maris, kinaitwa kwa jina lake, alibatizwa mwaka 387 baada ya kuhangaika miaka mingi na swali moja: uovu unatoka wapi?

Huku kusini swali hilo halikuja na vitabu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani, kutoka Zanzibar kwa njia ya Lindi hadi Masasi, wakajenga na kulima. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, waliivamia Masasi. Wapo waliouawa na wapo waliochukuliwa mateka. Mfikirie mtu aliyekwisha kukombolewa na kuahidiwa kwamba Mungu ni mwema, kisha anatekwa mara ya pili. Jibu lolote kuhusu wema wa Mungu ambalo huwezi kulisema mbele yake, mimi silihesabu kuwa jibu. Ndiyo maana tutakaa na swali hili muda mrefu kuliko mengine. Yale ya biolojia na asili ya uhai yana nafasi yake, ila vijana wengi hufika wakidhani ndiyo somo zima.

Halafu yupo jirani. Kuanzia Mikindani hadi Msimbati, na pengine kwenye kitanda cha pili chumbani kwako, unaishi na Waislamu. Mwenzako aliyekukaribisha futari jana anakuuliza leo: "Ndugu yangu, Mungu mmoja anakuwaje watatu?" Wengi wetu hapo hukasirika, au tunabadilisha mazungumzo. Mihadhara ya uwanjani imetuzoesha kurushiana aya na kumshangilia mshindi, nami naona imetudhuru sisi sote, Wakristo na Waislamu. Kuna mfano bora zaidi. Huko Baghdad, mnamo mwaka 782, Timotheo wa Kwanza, Patriaki wa Kanisa la Mashariki, alihojiwa na Khalifa al-Mahdi kuhusu Utatu na mengineyo. Patriaki alimtaja Muhammad kwa heshima, wala hakuficha pale imani zao zinapoachana. Tutayasoma mahojiano hayo kwa utulivu.

Tutaligusa pia jando. Vincent Lucas, askofu wa Masasi tangu mwaka 1926, pamoja na mapadri na wazee wa hapa, hawakulipiga marufuku. Waliliweka chini ya Kanisa, wakabakiza baadhi ya mambo na kuondoa mengine. Wapo waliowapinga, na hoja zao zina uzito. Lakini walithubutu kuuliza Injili inakataa nini hasa na inapokea nini, na mwanafunzi wa Kimakonde au Kiyao bado anaulizwa hivyo nyumbani kila likizo.

Kazi ya wiki ya kwanza ni hii: mtafute mtu asiyeamini kama wewe, umsikilize, kisha uandike pingamizi lake kwa ukurasa mmoja, bila kulijibu. Msomee. Akisema hujamwelewa, andika upya mpaka akubali kwamba hayo ndiyo maneno yake.