Sura ya Nne: Dakika Mbili za Mwanzo

Katika mambo ambayo vijana wa skuli na vyuo huyapokea yakiwa yamekwisha kuharibika kabla ya kuwafikia, sijui kama liko lililoharibika zaidi kuliko hili la kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki. Kazi yenyewe kwa kuitazama ni ndogo: dakika mbili, au tatu kwa mwalimu mkarimu, ambazo mwanafunzi hutakiwa azipange, azichunguze kila pembe, azipige picha na kuzihariri kana kwamba filamu nzima ya saa moja na nusu inafuata nyuma yake, na mtihani wa Cambridge wa somo la vyombo vya habari umelifanya zoezi hili kuwa rasmi na kuliwekea kikomo cha dakika mbili. Walakini kila niketipo hapa Wete, Pemba, na vijana waliojikusanya na simu zao na taa ya kuazima, huwakuta wamekwisha kuanza kupiga picha ilhali hawajaanza kufikiri, na nikiwauliza uchunguzi gani wameufanya, hunijibu kwa moyo mkunjufu kabisa kwamba wametazama matangazo ya filamu za Marekani chungu nzima.

Nimekusudia katika sura hii kueleza mambo manne kwa taratibu: taharuki hujengwaje, uchunguzi ni kazi gani, mahali huchaguliwaje, na karatasi zipi ziwe tayari kabla kamera haijatolewa mkobani. Lakini hapana budi kwanza kufagia uwanja.

Yasiyokuwa taharuki

Taharuki si mshituko. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock, alipohojiwa na mwenzake François Truffaut mwaka 1962, alilieleza jambo hili kwa mfano ambao tangu hapo haujapata mshindani: watu wamekaa mezani wanazungumza upuuzi, na chini ya meza pana bomu. Ikiwa watazamaji hawana habari nalo, likiripuka watashituka kwa sekunde kumi na tano. Lakini ikiwa wameliona likitegwa, na wanaiona saa ukutani, basi yale yale mazungumzo ya upuuzi yatawaweka roho juu kwa dakika kumi na tano. Kwa hivyo taharuki ni suala la nani anajua nini, na kabla ya nani. Mlango unaofunguka kwa kishindo na paka anayeruka kabatini havina nasaba nayo.

Wala mwanzo wa filamu si tangazo la filamu. Tangazo hukusanya vipande vitamu vya saa nzima ili kumtoa mtu fedha mfukoni. Mwanzo humshika mtu aliyekwisha kukaa kitini, kwa kitu kimoja, mahali pamoja. Na damu, ambayo vijana hupenda kuipika kwa rangi na sharubati, haina kazi katika dakika hizi mbili, maana damu ni jawabu, na aliyepewa jawabu hana la kungojea.

Lililo baya zaidi, nalo hapa Pemba limekuwa ugonjwa sugu, ni dhana kwamba kisiwa hiki kimejaaliwa khofu iliyo tayari, na kwamba mtengeneza filamu ni kuteka tu. Wageni wametusemea hayo tangu zamani: Evelyn Waugh, mwandishi wa Kiingereza, katika kitabu cha safari zake kilichotoka mwaka 1931, aliieleza Pemba kuwa ni makao ya uchawi wanakotoka watu nchi za mbali kuja kujifunza. Yeye alikuwa msafiri akipita, na msafiri husimuliwa mengi. Aibu ni yetu sisi tuliozaliwa hapa, tunaoyarejea maneno yale kwa fakhari kana kwamba ni cheti. Miswada ninayoletewa aghalabu ina Popobawa ndani yake, yule jini anayesemwa kuwa na mabawa ya popo, naye huja na moshi, taa nyekundu na kicheko kirefu. Lakini popo wa kweli, popo mkubwa wa Pemba, yule anayening'inia mchana kutwa katika miti ya Ngezi na ya Kidike, na ambaye akiyatandaza mabawa yake hupindukia mita moja na nusu, ni mla matunda, na dhulma yake kubwa ni kwa mwenye mwembe.

Hata khofu ya Popobawa ya mwaka 1995, iliyoanzia huku ikavuka kwenda Unguja na kufika hata Dar es Salaam, haina ndani yake kiumbe chenye mabawa ambacho kamera ingeweza kukipiga picha. Ilichonacho ni watu wazima waliokimbia vitanda vyao wakalala uwanjani kwa makundi, jirani akimtazama jirani kwa jicho jingine, na huko Unguja mtu asiye na hatia, ambaye umati ulimdhania kuwa ndiye, akauawa. Anayetaka kutisha na ayatazame hayo. Muhammed Said Abdulla alikwisha kutufundisha somo hili tangu mwaka 1960 katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, na akalikariri mwaka 1968 katika *Kisima cha Giningi*, ambacho jina lake ni la mji wa wachawi ambao kila mtoto wa Pemba amehadithiwa: jina la kutisha huwekwa mlangoni, kisha mpelelezi wake, Bwana Msa, huingia na kiko chake, akauliza nani alikuwa wapi na saa ngapi, na jawabu likapatikana kwa wanadamu.

Mtoto, mpira na puto

Sasa nije kwenye taharuki yenyewe, na hapa namwomba msomaji aniwie radhi, kwani mfano nitakaoutoa nikiushika siuachi upesi. Mwaka 1931, mwaka ule ule wa kitabu cha Waugh, Fritz Lang alitoa Berlin filamu iitwayo *M*, ya kwanza kwake yenye sauti, inayohusu muuaji wa watoto. Mwanzo wake huchukua takriban dakika saba, na ndani ya dakika hizo haionekani silaha, wala tone la damu, wala sura ya muuaji.

Tunaloliona kwanza ni duara la watoto katika uwanja wa nyumba ya ghorofa, wakicheza mchezo wa kutoana mmoja mmoja kwa wimbo, na wimbo wenyewe unamhusu mtu mbaya atakayekuja. Mwanamke wa juu anawakemea waache. Lakini mwenzake, mfua nguo, anasema kwamba maadamu wanasikika wakiimba, inajulikana kuwa wangalipo. Tazama lililofanyika: kwa jumla moja ya maneno ya kawaida, Lang amemfundisha mtazamaji kuwa ukimya ndio hatari, na tangu hapo hana haja ya kumtisha kwa kelele yoyote.

Kisha saa inagonga mchana, na yule mama mfua nguo anaandaa meza kwa ajili ya binti yake Elsie, ambaye huko njiani anarudi kutoka skuli akidundadunda mpira wake. Polisi anamvusha barabara. Anaudundisha mpira kwenye nguzo iliyobandikwa tangazo la zawadi kwa atakayemfichua muuaji, na juu ya tangazo lile kinaangukia kivuli cha mtu mwenye kofia, nacho kivuli kinamsifu mtoto mpira wake. Mtu yule anamnunulia puto kwa kipofu, huku akipiga mluzi. Nyumbani mama anawauliza watoto wanaopanda ngazi, anaitazama saa, anaita, na kila anapoita jina la Elsie, Lang anatuonyesha mahali ambapo Elsie hayupo: ngazi tupu, dari tupu ya kuanikia nguo, sahani tupu mezani. Halafu mpira unabingirika kutoka kichakani na kusimama. Halafu puto limenasa katika nyaya za simu, na upepo unalichukua.

Hapana mtazamaji aliyekosa kufahamu kilichotokea, wala hapana aliyeonyeshwa. Na siri ya kufahamu huko ni kwamba kila kimoja katika vitu vile kilikwisha kupewa mahali pake: mpira ni wa mkononi mwa mtoto, sahani ni ya kulia chakula, saa fulani ndiyo ya kurudi kutoka skuli. Khofu yote ya *M* imetokana na utaratibu wa siku ya kawaida ulioelezwa kwa uangalifu mkubwa, kisha kitu kimoja kikaondolewa. Lang hakuuokota utaratibu huo njiani; alikwenda kwa polisi wa Berlin akajifunza namna wanavyofanya kazi, na magazeti ya wakati ule yalikuwa yamejaa habari za Peter Kürten, muuaji wa Düsseldorf.

Uchunguzi ni kuyajua ya kawaida

Hapo ndipo neno langu lote kwa vijana wa Wete: uchunguzi wa filamu ya taharuki ni kuyajua ya kawaida mpaka kuweza kuyaharibu kwa kidole kimoja. Na ya kawaida yetu hayako katika filamu za Marekani. Wete ina majumba ya maendeleo, yale ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambayo ngazi zake hazina upungufu wowote mbele ya ngazi za Lang. Ina bandari ya majahazi ndani ya hori la mikoko. Na ina karafuu, ambazo zimekuwa sababu ya visa vya kweli vya magendo kwenda ng'ambo ya Kenya, hata serikali ikawa na kikosi cha KMKM ambacho jina lake lenyewe ni la kuzuia magendo.

Basi fikiri msimu wa kuchuma. Majamvi yametandikwa mbele ya nyumba, karafuu mbichi zimekwisha kuchambuliwa, makonyo upande na karafuu upande, na mwenyewe huzipitia kwa mguu au kwa mkono akizigeuza jua lizipate sawasawa. Huanikwa kwa siku kadhaa mpaka ziwe kahawia na zikivunjwa zilie. Zikirowa huharibika zikawa mpeta, na katika kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, daraja ya karafuu ndiyo bei yake. Kwa hivyo wingu likitanda tu, mtaa mzima husimama: watoto, wazee na mgeni aliyekuja kuamkia, kila mtu hushika upindo wa jamvi. Sasa onyesha mvua inaanza, majamvi yote yanaondolewa mbio, na moja linabaki. Tone la kwanza linaanguka juu ya karafuu, la pili, la tatu. Kando yake pana ndara mbili za kike, na mlango wa nyumba u wazi.

Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa jini atokee wapi hapo?" Nikamwambia aichore hiyo shoti kwa shoti, kisha aende na michoro yake kwa bibi yake, asimweleze neno. Aliporudi, alisema bibi ameitazama kitambo kisha akauliza, "Mwenyewe kafikwa na nini, mwanangu, hata kaziacha mvuani?" Hilo ndilo swali ambalo mwanzo wa filamu unalitaka, na lilitoka kwa mtu ambaye, kwa nijuavyo, hajatazama filamu ya taharuki hata moja.

Mahali, maji na magharibi

*M* imekula nafasi ya mambo mawili, nami sijuti. Lakini juu ya mahali nina neno ambalo vitabu vya wageni havinalo. Atakayepiga picha bandarini na aijue bahari kabla ya kuijua kamera. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji katika pwani hii hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, kisha kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika hamsini, na tofauti ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita nne. Jahazi lililolalia ubavu juu ya tope saa nne asubuhi huwa linaelea saa kumi jioni, na mhariri hana dawa ya hapo: mhusika atakuwa ameingia katika mlango wa forodha kukiwa na tope na kutokea upande wa pili kukiwa na bahari.

Pili ni mwanga. Wete iko nyuzi tano tu kusini ya Ikweta, na baina ya kuchwa jua na kuingia giza ni dakika ishirini na kitu. Mwanga huo ndio bora kwa taharuki, na ndio wakati wa adhana ya Magharibi, ambayo hutoka misikiti kadhaa kwa mpishano. Kwa hivyo sauti haichukuliki, na zaidi ya hayo watu wako, na wewe mwenyewe, mna faradhi. Dawa ni kuigawa kazi ya wakati huo kwa jioni kadhaa, picha chache kila siku baada ya sala, na kuzichukua sauti zake saa nyingine peke yake.

Tatu ni taa za ndani. Umeme wetu huzunguka mara hamsini kwa sekunde, ilhali simu nyingi hupiga picha thelathini kwa sekunde, na hapo taa za nyumbani huonekana zikipepesa. Mpigaji na aiweke simu kwenye picha ishirini na tano, na kasi ya mlango wa kamera iwe sehemu ya hamsini ya sekunde, kisha mapepe yataondoka. Nimesikia mapepe hayo yakitafsiriwa kuwa ni shetani wa nyumba.

Karatasi

Karatasi ni hizi: jumla moja ya maneno inayosema mtazamaji atajua nini ambacho mhusika hakijui, mswada wa ukurasa mmoja au miwili, michoro ya kila shoti, orodha ya shoti kwa mpango wa saa, ikiwa na nyakati za maji na za sala pembeni, ruhusa ya sheha wa shehia na ya Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na idhini ya wazazi wa kila mtoto atakayeonekana. Majina ya waigizaji na watengenezaji yawekwe juu ya picha zilizotulia, si juu ya zile ambazo jicho lina kazi nazo.

Na karatasi ya mwisho, ambayo hakuna mtahini atakayeidai lakini mimi naidai, ni ile inayoeleza kwa mistari mitano mwenye jamvi yuko wapi, nani aliyemwondoa na kwa nini, ijapokuwa hapana hata moja la hayo litakalopigwa picha. Bwana Msa huweza kuuliza kwa utulivu kwa sababu aliyemtunga alikwisha kulijua jawabu. Na mwanafunzi asiyelijua atajikuta, dakika ya pili ikikaribia kwisha na akili imemwishia, anamwita Popobawa aje kumwokoa.