Makadara Ndani ya Chumba cha Kumi kwa Kumi

Treni za modeli, yaani magarimoshi madogo yanayotembea kwa umeme juu ya reli zilizopunguzwa kwa kipimo maalumu, ni burudani ya watu wazima zaidi kuliko ilivyo mchezo wa watoto, na wanaoipenda wana desturi ya kuonyeshana michoro ya mipango yao ya reli huku kila mmoja akieleza alikulia wapi na treni zilimwingiaje moyoni. Maelezo hayo ya pili si porojo. Mmarekani John Armstrong, mwandishi aliyeheshimika sana katika uchoraji wa mipango hii, aliwashauri wanaoanza wapange orodha mbili: moja ya mambo yasiyobadilika, kama ukubwa wa chumba na uwezo wa mfuko, na nyingine ya mambo yanayotamaniwa, nayo matamanio ya mtu ni vigumu kuyaelewa bila kujua alikolelewa.

Kwa upande wa matamanio, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ina utajiri usio wa kawaida. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na baadaye wafanyakazi wa reli wakajengewa makazi Muthurwa na Makongeni. Mbele kidogo ipo stesheni ya Makadara, ambapo njia ya Mombasa huachana na ile inayopitia Dandora na Githurai kuelekea Thika na Nanyuki. Mchoraji wa mipango hupenda mahali pa namna hii, kwa sababu penye njia panda pana sababu ya treni kusimama, kupishana na kubadili njia, ilhali reli inayozunguka tu huchosha macho upesi.

Orodha ya yasiyobadilika ni kali zaidi. Wapangaji wengi wa Kayole, Huruma na Pipeline huishi katika chumba cha kumi kwa kumi, yaani futi kumi kila upande, takriban mita tatu, na humo mna kitanda, jiko na kabati. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni 1:87, ambacho hugeuza kilomita moja kuwa mita 11 na nusu. Hata kilomita moja ya reli, basi, haiwezi kunyooshwa chumbani. Kona ya kawaida ya kipimo hicho, ikizungushwa hadi kukamilisha duara, hudai ubao wenye upana wa karibu mita moja. Kipimo cha 1:160 huponya tatizo la nafasi, kwa kuwa duara lake hutosha kwenye ubao wa sentimita 60 hivi, lakini huzaa tatizo jingine ambalo wakali wa usahihi hawalisamehe. Reli ya zamani ya Kenya ina upana wa mita moja, na reli ya kisasa ya SGR, iliyozinduliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Reli za kawaida za kipimo cha 1:160 zina upana wa milimita 9, ambao ukikuzwa huwa sawa na SGR, hivyo injini ya mwaka 1955 ingeonekana inatembea juu ya njia ambayo haikuwapo. Katika 1:87 mambo ni nafuu: SGR huwakilishwa na reli za milimita 16.5, na reli ya zamani na zile za milimita 12, ambazo hutengenezwa hasa kwa wapenzi wa reli za milimani za Uswisi, nazo zikiwa za upana wa mita moja.

Kinachobaki ni kuchagua enzi. Anayeupenda mvuke hatakwepa Garratt za kundi la 59, injini 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Katika 1:87 injini hiyo huwa na urefu wa sentimita 36 hivi, kwa hiyo hufungiwa mabehewa manne au matano tu, kisha hupotelea nyuma ya maghorofa ya katoni, kwenye reli za maficho, kana kwamba imeelekea Thika.

Ufundi wa kuyajenga maghorofa hayo si mgeni mitaani. Mtoto aliyeunda gari kwa waya, makopo na vifuniko vya soda tayari ni mwanamodeli. Alichokosa ni rula tu, na mabati yanayofuliwa na mafundi wa jua kali pale Kamukunji hayana upungufu.

Kwa mpangaji anayehama mara kwa mara, mpango bora ni ule wa vipande, ambapo mmoja hujenga Makadara, mwingine Dandora, mwingine Embakasi, kila kipande kikipita mlangoni na kwenye ngazi, kisha vyote huunganishwa katika ukumbi wa mtaa mwishoni mwa wiki. Yanayopaswa kukubaliwa mapema ni kimo cha ubao kutoka sakafuni, umbali wa reli kutoka ukingoni na aina ya viunganishi vya nyaya. Mengine yote ni hiari ya mwenye kipande.