Istilahi za Safari ya Miguu Pwani: Kupwa, Kujaa, Bamvua na Maji Mafu

Mkazi wa Lemara, mjini Arusha, akitaka kupanda Mlima Meru hupanga safari yake kwa kimo. Huanzia lango la Momella, penye meta 1,500 hivi, hulala Miriakamba, karibu meta 2,500, kisha kituo cha pili, karibu meta 3,570, ndipo akielekee kilele chenye meta 4,566. Siku zake tatu au nne hugawanywa kwa vituo hivyo, navyo havihami.

Mkazi huyohuyo akikusudia kutembea siku kadhaa pwani, mathalani kutoka Pangani kwenda kusini hadi Saadani, ataona kwamba kipimo cha kimo hakimfai. Nchi ni tambarare, lakini njia yenyewe hufunikwa na maji na kufunuliwa tena kila siku. Hapana budi apange kwa majira ya maji. Katika makala hii tunakusudia kueleza istilahi nne zinazohusika, na kuonyesha kwa nini zisichanganywe.

Kupwa na kujaa

Neno pwani lenyewe limetokana na kitenzi -pwa pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Yaani, mahali maji yanapopwa. Kupwa ni kushuka kwa maji ya bahari. Kujaa ni kupanda kwake. Katika pwani yetu maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo saa ya kupwa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Tuchukue mfano: maji yakifika mwisho wa kupwa saa 3:00 asubuhi siku ya kwanza, siku ya pili yatafika karibu saa 3:50, ya tatu saa 4:40, na ya nne saa 5:30. Msafiri anayeondoka saa ileile kila siku, kama afanyavyo mlimani, atajikuta akitembea kwenye mchanga mlaini wa juu, au akizuiwa na maji penye miamba.

Bamvua na maji mafu

Istilahi hizi mbili hazitaji saa, bali siku za mwezi. Bamvua hutokea karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu hutokea mwezi unapokuwa nusu. Wakati wa bamvua tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika meta 3 na zaidi. Wakati wa maji mafu huwa kiasi cha meta 1 tu. Yafaa ikumbukwe kwamba bamvua ina pande mbili: maji hupwa mbali zaidi, na pia hujaa juu zaidi.

Madhara ya kuchanganya

Wako wanaoandika katika ratiba maneno "maji madogo" na "maji makubwa". Msomaji wa bara hawezi kujua kama "maji madogo" ni kupwa au ni maji mafu, na tofauti hiyo si ndogo. Hori, yaani mkono wa bahari ulioingia katika nchi kavu, laweza kuvukika kwa miguu maji yanapopwa siku za bamvua, lakini lisikauke kabisa siku za maji mafu. Vilevile, anayepiga hema juu kidogo ya mstari wa mwani ulioachwa na maji ya jana yuko salama ikiwa bamvua inapita. Ikiwa bamvua inakuja, maji ya usiku yatamfikia.

Mto mkubwa haumo katika hesabu hii. Mto Pangani, ambao sehemu ya maji yake hutoka Meru kupitia Themi na Kikuletwa, hauvukwi kwa miguu hata maji yakipwa. Huo huvukwa mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Na katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani yenye tembo na simba, msafiri aombe kibali na kuongozwa na askari wa hifadhi, kama ilivyo Meru.

Pendekezo

Tunapendekeza kila ratiba ya safari ya pwani iandikwe kwa mpango huu: tarehe, hali ya mwezi (bamvua au maji mafu), saa ya mwisho wa kupwa, mahori ya kuvukwa, na mahali pa kulala. Safari ianze saa mbili kabla ya mwisho wa kupwa, na sehemu ngumu zimalizwe kabla maji hayajarudi. Saa zichukuliwe katika jedwali la maji la bandari iliyo karibu, kisha wavuvi wa mahali waulizwe. Maneno haya manne ni yao tangu zamani. Hayahitaji kubuniwa wala kukopwa. Kazi iliyobaki ni kuyatumia kila moja kwa maana yake, ili mtu wa Lemara na mvuvi wa Pangani wasomapo ratiba moja waone maji yaleyale.