Wiki Saba Porini

Mwaka 1982, Waaborijini kumi wenye kisukari, watu wa makamo waliozidi uzito, waliondoka karibu na mji wa Derby, kaskazini-magharibi mwa Australia, wakarudi kwenye ardhi ya wazee wao. Kwa wiki saba waliishi kwa kuwinda, kuvua na kuchimba. Mtafiti Kerin O'Dea alifuatana nao, akiandika walichokula.

Nimeisoma ripoti yake ya mwaka 1984 mara tatu, na kila mara nakwama palepale, kwenye nyama. Walipokuwa kando ya mto walikula kangaruu, samaki, kobe, mamba na ndege, pamoja na viazi vikuu, tini na asali ya porini. Karibu theluthi mbili ya nguvu waliyoipata kwenye chakula ilitoka kwa wanyama. Ukisikia hivyo utadhani mafuta yalikuwa ya kumwaga. La! Yalichangia asilimia 13 tu. Kangaruu wa porini ni mnofu mtupu. Hana yale mafuta meupe yanayojipenyeza katikati ya nyama ya ng'ombe aliyenoneshwa. Na chakula chenyewe kilikuwa haba, kalori 1,200 hivi kwa mtu kwa siku.

Hapo ndipo misuli inapoingia. Misuli ndiyo mpokeaji mkuu wa sukari baada ya mlo, na insulini ndiyo inayoipigia hodi. Mafuta yakirundikana ndani ya seli za misuli, hodi haisikiki vizuri. Kongosho huongeza insulini, na bado sukari hubaki kwenye damu. Msuli unaofanya kazi, kinyume chake, hufungua mlango hata kwa hodi ndogo.

Sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilishuka kwa wastani kutoka milimoli 11.6 kwa lita hadi 6.6. Insulini ilipungua karibu nusu. Uzito, kilo nane.

O'Dea anataja sababu tatu: kupungua uzito, mafuta haba, na mwili kushughulika. Simlaumu kwa kutochagua moja, maana porini zilitembea pamoja. Lakini swali halinitoki: kama wangekula mnofu uleule wakiwa wamekaa kivulini, je, misuli ingeisikia hodi?

Mjini, chakula chao kilikuwa unga, sukari, mchele, soda na nyama ya bei nafuu yenye mafuta. Baada ya wiki saba, huko ndiko walikorudi.