Jiko la Gesi na Nyumba ya Tembe: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Siku hizi, msimu wa kuuza karanga na alizeti unapokwisha, si ajabu kwa bodi ya chama cha msingi kuletewa ombi la mwanachama anayetaka kukopeshwa jiko la gesi. Ombi hilo ni jema. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Aidha, Mkoa wa Dodoma, ambao mwaka 1973 ulianzishiwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ili kupambana na mmomonyoko wa udongo, hauna haja ya kufundishwa hasara ya kumaliza miti.

Lakini mara nyingi swali linaloulizwa kwanza ni bei ya jiko. Yafaa swali la kwanza liwe hili: jiko hilo litakaa katika nyumba gani? Jiko lililo salama katika nyumba ya matofali yenye madirisha mapana laweza kuwa hatari katika tembe.

Tabia ya gesi ya mtungi

Gesi inayouzwa katika mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa: propani huizidi kwa takriban mara moja na nusu, na butani mara mbili. Kwa hiyo gesi inayovuja haipandi juu kama moshi, bali hushuka na kutanda sakafuni kama maji. Kwa asili yake haina harufu. Harufu kali tunayoisikia hutiwa makusudi ili uvujaji utambulike. Sehemu mbili tu za gesi katika sehemu 100 za hewa zatosha kulipuka zikikutana na cheche.

Tembe lilijengwa kwa ajili ya kuhifadhi joto. Paa lake ni la miti na matawi yaliyofunikwa udongo, kuta zake ni nene, na matundu yake ni madogo. Moshi wa kuni hutafuta njia kwa juu na kumwasha mpishi macho, naye hutoka nje. Gesi iliyovuja haimwashi mtu macho. Hutambaa chini, mahali ambapo watoto hulala juu ya ngozi au mkeka, huku mkubwa aliyesimama akichelewa kuisikia harufu yake.

Kuiandaa nyumba

Mahali bora pa jiko la gesi ni banda la kupikia lililojengwa uani, mbali na chumba cha kulala. Ikiwa hapana budi kupikia ndani, ukuta wa nje utobolewe matundu mawili: moja usawa wa sakafu ili gesi nzito ipate kutoka, na jingine karibu na paa ili joto na hewa chafu zitoke. Matundu yazibwe kwa wavu wa waya kuzuia panya, wala yasizibwe kwa matambara wakati wa baridi. Tundu la chini lisielekee shimoni wala mahali ambapo moto huwashwa. Mtungi usimame wima daima, na ni heri ukae nje ya ukuta, kivulini, huku mpira ukipitishwa katika bomba fupi ili usisuguliwe na ukuta.

Jambo moja halina mjadala. Mwezi Juni na Julai, usiku unapokuwa wa baridi, jiko la gesi lisitumiwe kupasha chumba joto, wala jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Moto katika chumba kilichofungwa hula hewa safi, na usipopata hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Moto mzuri wa gesi ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na kutia masizi sufuria, jiko lina kasoro au hewa haitoshi.

Aina za jiko

Jiko la bei nafuu ni lile linalofungwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6. Lafaa kwa chai na mboga. Tatizo lake huonekana wakati wa kusonga ugali: sufuria ni nzito, iko juu, na mwiko huisukuma kwa nguvu. Mtungi huweza kupinduka, na mwali wake uko karibu zaidi na miti ya paa la chini.

Jiko la plati mbili linalokaa juu ya meza imara au kizimba cha udongo, likiwa na mpira na regyuleta, lina gharama zaidi lakini ndilo linalofaa familia inayosonga ugali kila siku. Mnunuzi achague lenye kifaa cha kukata gesi moto unapozimika, maana upepo wa mlangoni huweza kuuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishwe. Harufu ikisikika, mtungi ufungwe, milango ifunguliwe, watu watoke nje, wala swichi ya umeme isiguswe.

Mwenye ng'ombe aweza kufikiria gesi ya samadi. Mtambo mdogo wa familia huhitaji takriban kilo 20 hadi 30 za samadi kila siku, na maji yanayokaribia kiasi hicho. Ng'ombe wanaochungwa mbali huacha zizini samadi ya usiku tu, na maji ya kiangazi Mpwapwa ni ya kuhesabu. Ikumbukwe pia kwamba jiko la gesi ya mtungi halifai kuunganishwa na mtambo wa samadi bila kubadilishwa na fundi, kwa kuwa matundu yake ya gesi ni madogo mno.

Gharama na mizani

Bei ya jiko hulipwa mara moja. Bei ya gesi hulipwa siku zote. Familia inayotumia robo kilo kwa siku humaliza mtungi wa kilo 6 kwa siku 24, na wa kilo 15 kwa siku 60. Mwanachama ajiulize kama mwezi Januari, akiba ya mavuno ikiwa imepungua, atakuwa na fedha ya kujaza mtungi. Asipokuwa nayo, atarudi kwenye mafiga huku deni la jiko likibaki.

Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mtungi uliojaa wa kilo 6 hauna budi kuzidi uzito huo kwa kilo 6 kamili. Muuzaji wa gesi hutakiwa awe na mizani. Lakini chama nacho kina mizani yake ghalani. Mizani inayopima karanga za mwanachama yaweza pia kupima mtungi wake.

Wajibu wa bodi

Kabla ya kuidhinisha mkopo wa jiko, bodi itume mjumbe aione nyumba, na matundu yatobolewe kabla ya jiko kufika. Mkopo uhusishe jiko, regyuleta, mpira na kujaza mtungi kwa mara ya kwanza. Ikiwa chama kitakopa ili kiwanunulie wanachama majiko kwa pamoja, kiasi hicho kisivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Na mafunzo ya kuwasha, kuzima na kupima uvujaji wapewe wale wanaopika, si yule tu aliyetia sahihi fomu ya mkopo.